Kusikia si Kuelewa: Maneno Yanayoangusha Ndege

Hebu nianze na jambo unalolijua. Mwalimu amemaliza kufafanua hesabu ngumu ubaoni. Anageuka, anapangusa chaki mikononi na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima, kama kwaya iliyofanya mazoezi, linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Kengele inalia. Mwalimu akishatoka tu, utasikia mtu akimnong'oneza jirani yake, "Wewe, kwani ile eksi ilitoka wapi?"

Kwetu sisi hasara ya "ndiyo" hiyo ni alama nyekundu kwenye karatasi ya mtihani. Lakini kuna mahali ambapo "ndiyo" ya namna hiyo huua mamia ya watu kwa dakika moja. Mahali hapo ni angani, baina ya rubani na mwongozaji wa ndege aliyeko mnarani.

Mwaka huu katika mjadala wa chama chetu, mwenzetu mmoja alisimama na kudai kwamba lugha ni ya mashairi na insha tu, na kwamba dunia ya leo inaendeshwa na mashine. Alipigiwa makofi mengi, nami siku hiyo sikuwa na la kumjibu. Nimekwenda nikasoma, na makala haya ndiyo jibu langu. Ndege ni mashine kubwa kuliko zote tunazoziona zikipita juu ya shule yetu. Lakini mashine hiyo, pamoja na ukubwa wake wote, inaning'inia kwenye neno.

MAZUNGUMZO YA ANGANI

Watu wengi hudhani kwamba rubani akishapaa yuko huru kama mwewe. La hasha! Ndege kubwa ya abiria inapokaribia uwanja haishuki, haitui wala haiingii kwenye njia ya kurukia bila idhini ya mwongozaji. Yeye ndiye anayejua nani yuko wapi, ama kwa kutazama rada, ama kwa macho yake mwenyewe kutoka mnarani. Rubani akiwa ndani ya wingu haoni ndege nyingine wala mlima. Anaona weupe mtupu. Kwa hivyo maneno ya mwongozaji ndiyo macho yake.

Maneno hayo hupitia redioni. Redio hiyo si kama simu ambayo watu wawili wanaweza kubishana kwa pamoja. Ni kama ile ya askari wa ulinzi langoni: ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachilia unasikia. Tena ndege zote zilizo karibu na uwanja hutumia mawimbi yale yale, kila moja ikingoja zamu yake. Wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, maneno yao hugongana na kugeuka mlio mkali wa kukwaruza masikio. Ushike sana mlio huo, maana tutakutana nao tena mbele.

Isitoshe, wazungumzaji wenyewe wametoka pembe zote za dunia. Mholanzi anaongea na Mhispania, Mkolombia anaongea na Mmarekani, Mkenya anaongea na Mchina. Lugha wanayokutania aghalabu ni Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya kujifunza darasani, kama ilivyo kwetu.

Hata saa ni mtihani. Chukua saa tatu asubuhi ya hapa Kenya. Nyanya yangu atasema ni saa tatu. Tikiti ya ndege itaandika 9.00. Rubani naye ataandika 0600, kwa sababu marubani wa dunia nzima hufuata saa moja inayolingana na ile ya Greenwich kule Uingereza, nasi tumeitangulia kwa saa tatu. Wakati ni ule ule mmoja, lakini una nambari tatu: tatu, tisa na sita! Ikiwa mambo madogo kama saa yako hivyo, sembuse kuelekeza ndege mbili zinazokimbiliana gizani?

FUTI 5,000 ZA EMBAKASI

Usidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Tarehe 3 Septemba 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya shirika la British Airways ilikuwa inashuka kuja kutua Nairobi, katika uwanja wa Embakasi ambao leo tunauita Jomo Kenyatta. Mwongozaji aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Nambari hiyo ilisomwa redioni kwa Kiingereza, tarakimu moja moja: saba, tano, sufuri, sufuri. Marubani wakashika tano, sufuri, sufuri, sufuri. Yaani futi 5,000.

Pengine utasema, "Si ni tofauti ya futi 2,500 tu?" Ngoja kwanza. Kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa bahari, si kutoka kwenye ardhi iliyo chini ya ndege. Ungekuwa Mombasa, futi 5,000 ni juu sana, hata nyumba za mjini ungeziona kama viberiti. Lakini Nairobi iko kwenye nyanda za juu. Uwanja wa Embakasi wenyewe uko yapata futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, marubani wale walikuwa wanajishusha hadi mahali palipo chini ya uwanja wanaokwenda kutua!

Ndege iliendelea kushuka, abiria wametulia vitini mwao, hadi ikabakiza kama futi 70 tu juu ya ardhi. Ili ujue futi 70 ni nini, Boeing 747 ikisimama uwanjani, kutoka chini hadi ncha ya mkia wake ni zaidi ya futi 60. Basi ndege ilikaribia kukwaruza nyasi. Marubani wakaipandisha kwa nguvu, na baadaye ikatua salama. Hakuna aliyekufa, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu hatujapata kuisikia habari hii. Mkasa usio na makaburi husahaulika upesi.

Nakuomba uangalie jambo moja. Hakuna aliyekuwa kiziwi pale. Injini hazikuharibika na redio ilifanya kazi. Nambari isiyowezekana ilipita katika masikio ya watu wenye ujuzi mkubwa, na haikumshtua mtu yeyote mapema.

Wenzao wa Kuala Lumpur hawakubahatika hivyo. Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo ya shirika la Flying Tiger ilikuwa inatoka Singapore. Mwongozaji aliiambia ishuke "two four zero zero", yaani hadi futi 2,400. Sasa wewe tamka "two" ya mbili, kisha utamke "to" ya hadi. Je, sikio lako limetofautisha? Marubani walisikia kwamba washuke hadi futi 400. Wakajibu redioni, "Okay, four zero zero." Hapo mwongozaji alikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, si hivyo." Hakusema. Ndege iligonga kilima na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Neno moja fupi, lenye sauti moja na maana mbili, lilitosha.

UKUNGU WA TENERIFE

Sasa tuje kwenye mkasa uliowafanya watu wa ndege kuliogopa neno kama vile sisi tunavyoogopa moto. Tarehe 27 Machi 1977, siku ya Jumapili, bomu lililipuka katika uwanja wa ndege wa Las Palmas, kwenye visiwa vya Kanari vya Uhispania. Uwanja ukafungwa. Ndege nyingi zikaelekezwa kisiwa jirani cha Tenerife, kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos wenye njia moja tu ya kurukia. Miongoni mwao zilikuwamo Boeing 747 mbili: moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani.

Uwanja ulijaa hadi ndege zikaegeshwa kwenye njia ya pembeni. Basi Las Palmas ilipofunguliwa tena, ndege hizo mbili zililazimika kutambaa juu ya njia yenyewe ya kurukia ili zifike mwisho wake, zigeuke na kupaa. KLM ilitangulia. Pan Am ikafuata nyuma, ikiwa imeambiwa itoke kwenye mchepuko wa tatu. Marubani wa Pan Am waliuliza ili wahakikishe ni wa kwanza au wa tatu, na mwongozaji akawahesabia: moja, mbili, tatu, ule wa tatu. Walifanya vyema kuuliza. Lakini wakati huo ukungu mzito ulikuwa umeshuka. Mwongozaji hakuziona ndege, ndege hazikuonana, na uwanja haukuwa na rada ya kuzionyesha. Pan Am ikaupita mchepuko ule.

KLM ikafika mwisho, ikageuka. Kapteni wake, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mwalimu mkuu wa marubani wa 747 katika shirika lake, mtu aliyeheshimika hata picha yake ikatumiwa kulitangaza shirika. Alikuwa na haraka, kwa sababu sheria za kwao zilikuwa kali kuhusu saa za kazi za marubani na muda ulikuwa unamwishia. Akaanza kuzipa injini nguvu. Rubani msaidizi akamwambia, "Ngoja, bado hatujapewa idhini." Kapteni akajibu kwamba anajua, na kumwambia aiombe.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Ndege inayotaka kuondoka huhitaji idhini mbili. Ya kwanza ni ya njia: ukishapaa upite wapi, upande hadi kimo gani. Ya pili ni ya kuruka kwenyewe. Mwongozaji aliwapa ile ya kwanza, lakini ndani yake mlikuwamo neno "takeoff", maana aliwaelekeza wapinde kulia baada ya kuruka. Rubani msaidizi akayarudia maelezo yote, kisha akaongeza maneno machache ya kuonyesha kwamba sasa wako kwenye kuruka. Je, alimaanisha "tuko tayari kuruka" au "tunaruka sasa hivi"? Mwongozaji alielewa maana ya kwanza. Ukweli ni kwamba ilikuwa ya pili, kwani kapteni alikuwa ameshaiachilia ndege ikimbie.

Mwongozaji akajibu, "OK." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wangoje, atawaita. Wakati huo huo marubani wa Pan Am, waliposikia jibu hilo, walishtuka wakabonyeza kitufe chao kusema kwamba wao bado wako njiani. Wawili kwa pamoja! Unaukumbuka ule mlio? Katika chumba cha marubani wa KLM, ile "OK" ilisikika wazi. Onyo la mwongozaji na kilio cha Pan Am vikamezwa na mlio.

Bado kulikuwa na nafasi moja. Baada ya mlio, mwongozaji aliiambia Pan Am itoe taarifa ikishatoka njiani, nayo ikajibu kwamba itafanya hivyo. Mhandisi wa KLM, aliyeketi nyuma ya marubani, aliyasikia mazungumzo hayo. Akauliza, "Kwani huyo Pan American hajatoka?" Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi akanyamaza. Rubani msaidizi naye, aliyemzuia kapteni mara ya kwanza, safari hii hakumzuia.

Walipoonana, kila mmoja alifanya alichoweza. Pan Am ilijaribu kukata kona itoke njiani. KLM ilijaribu kupaa mapema hata mkia wake ukaburura ardhini. Lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Watu wote 248 wa KLM walikufa. Katika Pan Am, iliyokuwa na watu 396, walipona 61 tu. Jumla ya waliokufa ni 583. Hadi leo hakuna ajali ya ndege kugongana au kuanguka iliyoua abiria wengi kuliko hiyo. Tena haikutokea angani. Ilitokea chini, kwenye lami, baina ya ndege mbili zisizo na hitilafu yoyote.

"MAFUTA YANAISHA"

Kuna kosa la kuelewa vibaya, na kuna kosa la kusema kwa upole mno. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilikuwa inaelekea New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na waongozaji wakaizungusha angani ikingoja zamu kwa zaidi ya saa moja na robo. Mafuta yakapungua. Rubani msaidizi, ndiye aliyekuwa akizungumza Kiingereza na mnara, aliomba "priority", yaani wapewe kipaumbele. Baadaye akasema kwamba mafuta yanawaishia.

Wewe na mimi tukisikia hivyo tunaelewa kwamba watu wanakaribia kufa. Lakini kwa mwongozaji wa New York, mwenye ndege chungu nzima siku ya dhoruba, kila ndege mafuta yake yanapungua. Neno linalosimamisha kila kitu ni moja tu: dharura. Kapteni alimwambia msaidizi wake kwa Kihispania kwamba awaeleze kuwa wako katika hali ya dharura. Msaidizi akabonyeza kitufe, akasema tena kwamba mafuta yanaisha. Neno "emergency" halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Walijaribu kutua, wakashindwa, wakaambiwa wazunguke tena. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka Cove Neck, karibu na mji huo. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa. Ndege haikuwaka moto mkubwa. Ingewakaje na mafuta hayakuwamo?

Msomaji, umewahi kuugua usiku bwenini, mwalimu wa zamu akakuuliza, "Vipi?" nawe ukajibu, "Si mbaya sana, mwalimu"? Tumelelewa kutowasumbua wakubwa. Adabu hiyo ni nzuri mezani na barazani. Lakini kuna saa ambapo adabu ni kusema jambo kwa jina lake.

DAWA ILIYOPATIKANA

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Hizi zilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa lugha. Baada ya mikasa hii watu wa ndege walikaa chini wakaitengeneza lugha yao upya, kama fundi anavyokaza nati zilizolegea.

Kwanza, waliliwekea mipaka lile neno la Tenerife. Siku hizi neno "takeoff" hutumika pale tu ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Kwa mengine yote husemwa "departure", yaani kuondoka. Neno moja, kazi moja.

Pili, agizo lenye uzito halijibiwi kwa "OK" wala kwa "Roger". Watu wengi hudhani "Roger" ni "ndiyo". Sivyo. Maana yake ni "nimeupokea ujumbe wako", basi. Rubani sharti ayarudie maneno yenyewe: kimo, njia, idhini. Na mwongozaji sharti asikilize marudio hayo kwa makini, asahihishe palipopinda. Kazi ya mwongozaji haiishi anapomaliza kusema. Inaisha anapomaliza kusikiliza.

Tatu, na hili lilikuwapo hata kabla ya mikasa hii, herufi na tarakimu zilipewa mavazi yasiyofanana. Redioni, B, D, P na T zote husikika kama kitu kimoja, kwa hivyo husemwa Bravo, Delta, Papa na Tango. Ndege za Kenya, ambazo majina yake ya usajili huanza na 5Y, hutajwa kwa tano na "Yankee". Tisa ya Kiingereza hutamkwa "niner" ili isichanganywe na tano. Hata neno "Juliett" huandikwa kwa t mbili mwishoni, ili Mfaransa asije akaimeza ile t kwa mazoea ya lugha yake. Huo ndio uangalifu, jamani!

Nne, tangu 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka marubani na waongozaji wa safari za kimataifa watahiniwe lugha. Kuna daraja sita, na anayetaka kufanya kazi hizo sharti afike angalau daraja la nne. Haitoshi kukariri misemo ya redioni; lazima aweze kueleza jambo lisilotarajiwa likimpata.

Tano, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, marubani hufundishwa kuuliza na kuulizwa. Mdogo hufundishwa kumwambia mkubwa waziwazi, "Kapteni, hapa sijaridhika." Mkubwa naye hufundishwa kutomnyamazisha. Mhandisi yule wa KLM aliuliza swali lililokuwa na uzito wa roho 583. Kilichokosekana ni kuliuliza mara ya pili, na mtu wa kulipokea.

Je, dawa imemaliza ugonjwa? Bado. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda kule Tokyo, ndege ndogo ya walinzi wa pwani wa Japani iliambiwa iende kwenye mahali pa kungojea kando ya njia, na kwamba itakuwa ya kwanza katika foleni. Rubani aliyarudia maneno hayo sawasawa. Kisha, akiamini kwamba amepewa ruhusa, akaingia kwenye njia yenyewe. Ndege ya Japan Airlines iliyokuwa inatua ikamgonga. Watu wote 379 wa ndege kubwa walitoka hai kabla haijateketea, lakini watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Kumbe hata kurudia maneno si dawa kamili. Kasuku pia hurudia. Maneno yakipita kinywani bila kupita kichwani, ni kazi bure.

NASI JE?

Huenda unajiambia kwamba wewe hutakuwa rubani. Sawa. Lakini ngoja nikukumbushe safari ya chama chetu kwenda kwenye tamasha la mashairi. Tangazo ubaoni liliandikwa kwa Kiingereza kwamba basi litaondoka 8.00. Habari ikapita midomoni, na ilipofika bweni la mwisho ilikuwa imegeuka "saa nane". Saa mbili asubuhi basi likaondoka. Saa nane mchana wenzetu tisa walikuwa wamesimama langoni, sare zimepigwa pasi, wakiuliza basi liko wapi. Mmoja wao alikuwa amekariri shairi lake kwa mwezi mzima. Hakuna aliyekufa, lakini niliyaona machozi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza, "Saa nane ya nani?"

Kwa hivyo, mwenzangu uliyesema kwamba lugha ni ya mashairi tu, nakurudishia hoja yako kwa heshima. Mashine zilikuwa nzima Tenerife. Zilikuwa nzima Kuala Lumpur na Embakasi. Kilichopinda ni neno, na aliyeweza kulinyosha ni mtu mwenye ujasiri wa kusema, "Samahani, rudia tafadhali." Wala usifikiri kwamba kazi hizi ni za watu wa mbali. Pale Embakasi kuna chuo cha usafiri wa ndege cha Afrika Mashariki kinachowafunza waongozaji, na huenda mmoja wetu ataketi mnarani siku moja, mamia ya watu wakining'inia kwenye ulimi wake.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nami naongeza kwamba sikio nalo hujikwaa, tena bila kutoa damu, na ndiyo maana hatulichungi. Basi shime, wenzangu. Mwalimu akiuliza tena, "Mmeelewa?" usikimbilie kuitikia na kwaya. Jiulize kama unaweza kuyasema aliyoyafundisha kwa maneno yako mwenyewe. Ukiweza, itikia. Usipoweza, inua mkono. Wenzako watacheka kidogo, kisha wote watanyamaza wasikilize jibu, maana nao walikuwa hawajui ile eksi ilitoka wapi.